Mzee Cullen na Visima Vilivyokatiwa Tamaa

Ng'ombe ndio waliokoroga tope la kwanza. Mwishoni mwa mwaka 1900, kwenye kilima kidogo cha Spindletop nje ya mji wa Beaumont, jimbo la Texas, ndugu wa ukoo wa Hamill walikuwa wakichimba kisima cha mafuta katika mchanga laini usiotaka kusimama. Kila wakishuka kidogo, kuta zinaporomoka na shimo linajifunga. Maji matupu waliyokuwa wakiyasukuma chini hayakufua dafu. Masimulizi ya pale yanasema walichimba kidimbwi, wakaswaga ng'ombe wakakanyagakanyaga humo mpaka maji yakawa mazito, kisha wakalisukuma lile tope kisimani. Kuta zikasimama. Tarehe 10 Januari 1901 kisima kikafumuka, mafuta yakaruka angani siku tisa kabla hawajaweza kukiziba, kwa kiasi kilichokadiriwa kuwa mapipa 100,000 kwa siku.

Vitabu vya historia hupenda ule mruko wa mafuta. Mimi napenda kile kidimbwi. Bila tope lile pasingekuwa na mruko, na wala pasingekuwa na mtu kama Hugh Roy Cullen, ambaye miaka 30 baadaye alitajirika kwa kuchimba mahali ambapo wenzake walikwishafungasha vyombo na kuondoka, na ambaye sehemu kubwa mno ya utajiri huo aliirudisha mjini kwake Houston kwa njia ya madarasa na hospitali.

Tuanze na kazi yenyewe, maana wasifu wa matajiri huirukia haraka. Kisima cha mafuta cha aina hii huchimbwa kwa keekee inayozungushwa mwishoni mwa mabomba. Bomba moja lina urefu wa mita 9 hivi. Mafundi huyaunganisha matatumatatu na kuyasimamisha mnarani. Tope husukumwa kupitia ndani ya mabomba, hutokea kwenye matundu ya keekee, halafu hupanda juu kupitia nafasi iliyobaki kati ya bomba na ukuta wa shimo. Likipanda, linabeba vipande vya mwamba uliokatwa. Linapoza keekee. Linapaka ukuta utando mwembamba unaozuia mchanga kumwagika. Na juu ya yote hayo, kwa uzito wake, linakandamiza gesi na mafuta yaliyo chini yasifumuke kabla ya wakati.

Hapo kwenye uzito ndipo ufundi unapokaa. Tope likiwa jepesi, gesi inapenya, inapanda huku ikitanuka, na baada ya muda mfupi mnara mzima unaweza kuwaka moto. Likiwa zito kupita kiasi, linaupasua mwamba na kupotelea humo, shimo linabaki tupu, na hatari inarudi kwa mlango wa nyuma. Fundi anatembea kati ya hatari hizo mbili usiku na mchana. Miaka ya 1920 walianza kuongeza unga wa madini mazito, hasa barite, ili kurekebisha uzito huo kwa kipimo. Mwaka 1931 mhandisi Hallan Marsh akatangaza kipimo chepesi ambacho bado kinatumika: faneli yenye mdomo wa kipenyo maalumu. Unaijaza tope, unaondoa kidole, unahesabu sekunde mpaka kikombe cha chini kijae robo galoni, yaani karibu lita moja. Maji safi huchukua sekunde 26. Tope la kazi huchukua zaidi, na fundi mzoefu anajua tope lake la jana lilichukua sekunde ngapi, na kwa nini leo limebadilika.

Cullen hakuyajua haya utotoni. Alizaliwa mwaka 1881 katika wilaya ya Denton, kaskazini mwa Texas, akalelewa na mama yake huko San Antonio baada ya wazazi kutengana. Shule aliiacha akiwa na miaka 12, akaingia kiwandani kufunga peremende kwenye mifuko kwa dola 3 kwa wiki. Baadaye akawa mnunuzi wa pamba, kwanza akiwa na kituo chake katika mji mdogo wa Schulenburg, ambako mwaka 1903 alimwoa Lillie Cranz, kisha ng'ambo ya mpaka katika eneo la Oklahoma.

Wakulima wa Shinyanga na Simiyu wanaijua kazi ya mnunuzi wa pamba, ingawa wao wameiona kutoka upande wa pili wa mizani. Mnunuzi huchomoa kitita kidogo, hukibana kwa vidole gumba viwili, huvuta, hupanga nyuzi na kuvuta tena mpaka zibaki zile ndefu tu, kisha huzipima kwa jicho. Anatazama rangi, takataka, na kama mvua iliikuta pamba ikiwa bado shambani. Bei inatoka hapo. Ni kazi ya kukadiria robota zima kwa kushika chembe yake ndogo, na akikosea anakula hasara mwenyewe. Sidhani kama ipo shule nzuri kuliko hiyo kwa mtu ambaye baadaye atalazimika kukadiria mwamba ulio mita 2,000 chini kwa kiganja kimoja cha kokoto.

Alihamia Houston mwaka 1911. Biashara ilikuwa ya kusuasua mpaka dalali mmoja wa ardhi, Jim Cheek, alipomtaka amtafutie mashamba ya kukodi kwa ajili ya kuchimba mafuta. Mkodishaji hupewa fedha kidogo kwa ekari, na mafuta yakipatikana hulipwa mrabaha. Cullen alizunguka vijijini miaka kadhaa akibembeleza wakulima sahihi zao. Visima vya mwanzo vilikuwa vikavu. Ilimbidi afike karibu na miaka 40 ndipo bahati ianze kumtazama usoni.

Pwani ya Texas kwenye Ghuba ya Meksiko ni tambarare kiasi kwamba maji ya mvua yenyewe husita yaelekee wapi. Chini yake kuna chumvi ya kale, tabaka nene lililofunikwa na maelfu ya mita za mchanga na udongo. Chumvi ni nyepesi kuliko miamba iliyoikalia, na ikibanwa vya kutosha hutiririka, taratibu mno, kwa mamilioni ya miaka. Pale inapopata upenyo hupanda kama nguzo, ikitoboa na kuinua tabaka zilizo juu yake. Nguzo hizo wanajiolojia huziita kuba za chumvi. Spindletop ni mojawapo. Karibu na Houston zipo nyingine: Pierce Junction, Blue Ridge, Humble, Damon Mound.

Waliokuja mbio baada ya 1901 walichimba utosini mwa kuba hizo, penye mwamba wenye vitundu ulioshika mafuta karibu na uso wa ardhi. Mafuta yalitoka kwa fujo, yakaisha kwa fujo, na mabwana wakahama. Cullen aliwaza upande. Chumvi ikipanda huzikunja ncha za tabaka zinazoizunguka zielekee juu, kisha huziziba kwa ukuta wake. Mafuta yanayosafiri ndani ya mchanga kuelekea juu yatafika kwenye ukuta huo na kukwama. Kwa hiyo ubavuni mwa kuba, na chini zaidi, huenda pana hazina kubwa kuliko ile ya utosini. Hakuwa peke yake katika wazo hilo. Upekee wake ulikuwa kulifuata mpaka chini kabisa, kwenye maeneo ambayo makampuni makubwa yalikwishayapigia msalaba.

Kubaini ubavu huo uko wapi ndipo alipoitegemea mbinu ambayo wasomi waliichekea: kusoma vijito. Kwenye ardhi tambarare namna ile, mwinuko wa futi chache unatosha kukipindisha kijito. Ukikiona kinakuja moja kwa moja, kisha kinazunguka mahali pasipo na sababu ya wazi, kuna kitu kimesukuma kutoka chini. Cullen alitembea kwa miguu akitazama mikunjo ya vijito, aina ya udongo, mahali maji yanapotuama. Nadhani waliomcheka walikuwa na haki nusu. Kijito hupinda kwa sababu mia, na mbinu hii peke yake ni ramli. Isitoshe, wakati ule ule elimu ilikuwa inakimbia: mwaka 1924 kuba ya Nash, pale pale wilaya ya Fort Bend, ilipatikana kwa mizani ya msokoto, kifaa kinachohisi mabadiliko madogo kabisa ya mvutano wa ardhi, na mwaka huo huo kuba ya Orchard ikapatikana kwa kulipua baruti na kupima mtikisiko unavyosafiri ardhini. Chumvi hupitisha mtikisiko haraka kuliko mchanga, hivyo ukifika mapema kuliko ulivyotarajiwa, kuna kuba njiani.

Nusu nyingine ya haki ilikuwa kwa Cullen. Vifaa vile vilikuambia kuba iko wapi. Havikukuambia ufanye nini keekee ikishafika ubavuni mwake na kukutana na ule mwamba ambao wachimbaji wa pwani waliuogopa kuliko moto.

Mwamba huo ni udongo wa mfinyanzi wa kale ulioshikamana. Ukiguswa na maji ya tope, unavimba kama maharage yaliyolowekwa usiku kucha. Kuta zinatoka kuelekea ndani, vipande vinamenyuka, bomba linabanwa. Fundi analivuta, halitoki. Analizungusha, linajipinda mpaka likatike, na fedha ya miezi inabaki chini na keekee yake. Visima vingi ubavuni mwa kuba viliachwa kwa sababu ya mwamba huu tu. Pengine mchanga wenye mafuta ulikuwa mita chache mbele.

Cullen alikaa na tatizo hili miaka. Alikuwa bosi wa kushinda mnarani na vibarua, buti zimejaa tope, na wafanyakazi wake walizoea kumwona hapo nyakati ambazo matajiri wengine wako mezani. Dawa ya mwamba unaovimba haikuwa moja. Ni kuchunga tope lisimwage maji yake kwenye kuta. Ni kuongeza uzito ili tope liegemee ukuta na kuuzuia. Ni kwenda haraka pale panapofaa haraka, kushusha bomba kubwa la kulinda shimo na kulijengea saruji kabla mwamba haujapata nafasi ya kulewa maji, kisha kuendelea na keekee ndogo zaidi. Inahitaji subira ya ajabu, kwa sababu mafanikio yake ni kutokutokea kwa jambo: bomba halijakwama, shimo halijaporomoka, zamu imeisha salama. Wachimbaji wa Texas walimpa jina la mfalme wao, na nakubaliana nao, lakini kwa sababu hii kuliko kwa ajili ya vijito.

Naomba msomaji asimame nami kidogo kwenye mdomo wa kisima, tope linaporudi juu. Linapita kwenye mfereji, vipande vya mwamba vinatuama. Anayekagua anachota kiganja, anaosha kwenye sinia. Vipande hivi havitoki pale keekee ilipo sasa hivi. Kwenye kisima cha mita 1,800 huenda vimesafiri karibu saa nzima, kwa hiyo anapiga hesabu ya kurudi nyuma ajue vilikatwa kina gani. Anatia kipande mdomoni. Udongo laini unateleza kwenye meno, mchanga unasaga. Ananusa. Anatazama kama juu ya tope pana utando wa rangi za upinde wa mvua. Akishuku mafuta, anaweka chembe kwenye kichupa na kumimina etha; etha ikigeuka rangi ya chai, moyo wake unaanza kwenda mbio, ila haongei kwa sauti, kwa sababu wapelelezi wa makampuni jirani hukaa kwenye uzio na darubini.

Kwa darubini ya aina nyingine, ile ya maabara, vipande hivyo hivyo vilifichua siri kubwa kuliko zote, na waliofichua walikuwa wanawake watatu wa Houston. Esther Applin, Alva Ellisor na Hedwig Kniker, kila mmoja akiajiriwa na kampuni yake, walichambua magamba ya viumbe vidogo vya baharini visivyoonekana vizuri kwa macho, foraminifera, yaliyomo ndani ya kokoto za visima. Kila enzi ina aina zake. Ukizitambua unajua uko kwenye tabaka la umri gani, hata kama mwamba wenyewe unafanana na ule wa juu yake. Applin alipoleta wazo hili mbele ya wataalamu mwanzoni mwa miaka ya 1920 alidhihakiwa. Mwaka 1925 watatu hao walichapisha kazi yao kuhusu tabaka za pwani ya Texas na Louisiana, na dhihaka ikaisha. Majengo ya Houston hayana majina yao kama yalivyo na la Cullen, na hilo linaniudhi kidogo.

Mwaka 1932 Cullen aliunda kampuni ya Quintana. Mwaka 1934 Quintana ikagundua hazina ya Tom O'Connor katika wilaya ya Refugio, mojawapo ya kubwa zaidi Texas nzima. Kuanzia hapo fedha haikuwa tena swali.

Huku kwetu Afrika Mashariki pia visima vilivyokatiwa tamaa tunavyo. Michirizi ya mafuta kando ya Ziwa Albert iliandikwa na mwanajiolojia E. J. Wayland miaka ya 1920, kisima kikachimbwa Butiaba mwaka 1938, kisha kimya kikatanda mpaka uvumbuzi wa 2006. Gesi ya Songo Songo iligunduliwa 1974, wagunduzi wakaona hailipi wakaondoka, nayo ikaanza kuzalisha umeme Dar es Salaam mwaka 2004. Mara nyingi kinachobadilika ni bei, barabara na serikali. Lakini yupo pia mtu anayekubali kukaa na faili la zamani na kuuliza wale wa kwanza waliishia kina gani.

Mwaka 1936 mwana wa pekee wa kiume wa Cullen, Roy Gustav, alikufa katika ajali kwenye mtambo wa kuchimba. Alikuwa ameingia kazi ya baba. Si ajabu kazini humo: minyororo, mabomba ya tani nyingi juu ya vichwa vya watu, usiku, utelezi. Wakati huo Chuo Kikuu cha Houston kilikuwa ni jina tu. Kilianza 1927 kama chuo cha miaka miwili chini ya bodi ya shule za mji, kikapandishwa hadhi 1934, na wanafunzi wake walisoma jioni katika madarasa ya sekondari ya San Jacinto baada ya kutoka kazini. Rais wa chuo, E. E. Oberholtzer, alikwenda kwa Cullen kuomba jengo. Cullen akatoa, kwa kumbukumbu ya mwanawe, na akataka ieleweke kwamba pawe mahali pa watu wanaofanya kazi na watoto wao. Jengo la Roy Gustav Cullen lilifunguliwa mwaka 1939.

Ukoo wa Mzee Cullen ulikuwa na historia katika jambo hili la elimu. Babu yake, Ezekiel Cullen, alikuwa mbunge wa Jamhuri ya Texas, ile nchi iliyodumu miaka michache kabla ya kujiunga na Marekani, na mwaka 1839 alisimamia sheria iliyotenga ardhi ya umma kwa ajili ya shule za kila wilaya, pamoja na ekari zaidi ya 200,000 kwa vyuo vikuu viwili. Jengo kuu la Chuo Kikuu cha Houston, lililozinduliwa 1950, lina jina la babu huyo.

Mwaka 1945 Mzee Cullen alizipa hospitali nne za Houston dola milioni moja kila moja. Mwaka 1947 yeye na Lillie wakaanzisha mfuko wao na kuutia visima vyenyewe, ili misaada iendelee kadiri mapipa yanavyotoka. Thamani yake ilitajwa kufikia dola milioni 160. Na mwaka 1953, timu ya mpira wa Kimarekani ya chuo hicho ilipoifunga timu ya Chuo Kikuu cha Baylor 37 kwa 7, mzee alifurahi hadi akakiongezea chuo dola milioni 2.25. Wahasibu wa misaada wangeshika vichwa. Mimi sina ugomvi na mchango ule. Ni mara chache tajiri kutoa mamilioni akiwa anacheka.

Ugomvi nilio nao uko kwingine. Cullen alimchukia Rais Franklin Roosevelt na sera zake za kuwainua wanyonge, akamuunga mkono Seneta Joseph McCarthy wakati huyo akiwasaka wakomunisti kwa tuhuma ovyo. Na ile ahadi ya chuo cha watu wanaofanya kazi ilikuwa na mpaka wa rangi. Mtoto wa kibarua mweusi wa Houston hakuruhusiwa kukanyaga darasa la jengo la Roy Gustav. Kwa chuo cha weusi, ambacho leo ni Texas Southern, Cullen alisaidia kipatikane kiwanja cha ekari 53 katika mtaa wa Third Ward, nacho kikahamia hapo mwaka 1946, kikitokea kwenye madarasa ya kuazima ya sekondari ya Jack Yates. Vyuo hivyo viwili ni majirani, mwendo wa dakika chache kwa miguu. Cullen alifariki tarehe 4 Julai 1957. Chuo Kikuu cha Houston kilianza kupokea wanafunzi weusi mwaka 1962, na kitivo chake cha uhandisi, chenye jina la Cullen, sasa kinafundisha uhandisi wa petroli kwa yeyote mwenye alama za kuingia, pamoja na somo la tope.